Baraza Dogo la Nyumba ya Ghorofa

Neno baraza limesafiri mbali. Lilitoka pwani ya Bahari ya Hindi pamoja na misafara ya karne ya 19, likapita Tabora na Ujiji, likavuka Ziwa Tanganyika, likafika Kasongo na Nyangwe katika nchi ya Maniema, na toka huko likaenea kila mahali panaposemwa Kiswahili katika Kongo yetu. Hata Wabelgiji waliokaa huku walilipokea. Katika Kifaransa chao walisema «barza», wakitaja ukumbi ule wa mbele ya nyumba, wenye paa juu na ulio wazi upande wa njia.

Twaanza na neno hili kwa sababu kazi za baraza ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mgeni alipiga hodi, akaketishwa barazani. Mkulima aliacha hapo jembe lake lenye udongo. Watoto waliorudi toka shule katika mvua walivua viatu hapo. Mtu aliyekuja kudai fedha yake alijibiwa hapo, wala hakuona kilichomo chunguni. Mahali pale hapakuwa nje, wala hapakuwa ndani. Na kwa kuwa palikuwa hivyo, vyumba vilibaki safi na wenye nyumba walibaki na siri zao.

Leo jamaa inayopanga vyumba viwili au vitatu katika nyumba ya ghorofa haina baraza. Ina mlango mmoja, na nyuma ya mlango ina ujia mwembamba, mara nyingi usio na dirisha, unaokwenda hadi sebuleni. Matope, mwavuli, mgeni, mdai, na mtoto mwenye mfuko wa shule, vyote hujia hapo. Basi wengi hutuuliza: «Tununue nini ili mahali hapo papendeze, nasi fedha hatuna?» Sisi twajibu kwamba swali limeanza kwa mkia wake. Yafaa kuuliza kwanza baraza lilikuwa likifanya kazi gani, na ni nani anayeifanya kazi hiyo sasa. Mwenye kujibu swali hilo ataona kwamba vitu vya kununua ni vichache, na vingine vimo nyumbani tayari.

Tuchukue mji wa Bukavu, maana huko shida yenyewe yaonekana wazi. Mji umejengwa juu ya vilima na rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, nalo ziwa lenyewe liko karibu meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Udongo wake ni mwekundu, wa mfinyanzi, unaoshika soli ya kiatu kama gundi. Na mtu akipanda ngazi toka njia ya Kadutu au ya Bagira, huubeba mpaka ghorofa ya juu. Kuanzia Juni hadi Agosti udongo huohuo hugeuka vumbi. Mama wa nyumba hapati likizo.

Tulipima ujia wa namna hiyo katika nyumba ya mwalimu mwenzetu. Upana wake cm 120, urefu wake cm 260. Nao wakaaji wa nyumba ni watu saba. Tulikuta humo lundo la viatu, bidoni nne za maji, mbabula iliyopoa, magunia mawili ya makaa, na kabati kubwa yenye vioo iliyonunuliwa kwa mkopo. Ndani ya kabati: sahani za harusi na maua ya plastiki. Kina cha kabati kilikuwa cm 45, hata watu walibakiwa na cm 75 za kupita, na ubao wa mlango haukuweza kufunguka wote. Kila aliyeingia aliingia ubavu. Bwana wa nyumba alikuwa bado akilipa deni la kabati ile kila mwisho wa mwezi, naye alituambia kwa masikitiko kwamba nyumba inaonekana ya maskini kuliko siku ile walipohamia.

Alisema kweli. Lakini jambo la kwanza lililotusumbua si umaskini, wala si uchafu. Ilikuwa njia ya kutokea.

Katika nyumba nyingi za mjini madirisha yana vyuma kwa kuogopa wezi. Neno hilo si baya, walakini maana yake ni hii: mlango ule wa ujiani ndio mlango wa pekee wa watu saba. Siku ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, nchi ilitetemeka huko Bukavu na ng'ambo katika Rwanda, kuta zikapasuka, watu wakafa. Nchi ya Kivu imelala juu ya Bonde la Ufa, hata matetemeko hayaishi. Na moto nao twaujua: mshumaa ulioanguka, waya mbovu, mbabula iliyoachwa na makaa yanayowaka. Saa ile hakuna anayekumbuka sahani za harusi. Mtoto hukimbilia gizani mahali alipozoea kupita kila siku, naye akikuta gunia au bidoni, huanguka, na wale wa nyuma humwangukia.

Kwa ajili hiyo kazi ya kwanza haina gharama yo yote: kuondoa. Kabati iende sebuleni au iuzwe. Bidoni yenye lita 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Mahali pake ni jikoni, kando ya ukuta. Makaa na mbabula visiwekwe ujiani kamwe. Wako watu ambao wakati wa mvua huingiza mbabula yenye moto mahali hapo ili nguo zikauke. Hao twawaonya kwa nguvu, maana makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo imeua watu waliolala wakiwa wazima kabisa. Pikipiki nayo ina petroli ndani yake. Wenye pikipiki hulia wakisikia hivyo, kwa sababu nje huibiwa. Twajua. Basi watafute jirani wa chini mwenye ua, wamlipe kidogo kwa mwezi.

Ufunguo je? Usiku usikae mfukoni mwa baba. Utundikwe kwenye msumari ambao hata mtoto wa miaka minane aufikia, mbali kidogo na mlango, mahali ambapo mkono wa mwizi hauwezi kuuvuta kwa kijiti kwa kupitia dirisha. Na watoto wazoezwe kuutafuta hali wamefumba macho. Watoto hupenda mchezo huo.

Ujia ukiisha kuwa mtupu, ndipo tupime. Asiye na utepe wa kupimia achukue kamba, aifunge mafundo, akaipime kwa rula ya mtoto wa shule. Ufungueni mlango wote, mkachore chini kwa chaki mviringo unaopitwa na ubao wake: ndani ya mviringo huo kisiwekwe kitu. Kisha acheni sm 90 za kupita, ili mtu mwenye mtoto mgongoni au ndoo mkononi apite bila kugusa ukuta. Katika ujia wa sm 120 zinabaki sm 30 upande mmoja tu. Hizo 30 ndizo baraza letu jipya. Zaonekana chache, tutaona kwamba zatosha.

Sasa matope. Fedha ya kwanza itumike chini, si ukutani. Zulia moja laini mlangoni halifai kitu, kwa sababu huloa siku moja, na toka siku ya pili huchafua viatu badala ya kuvisafisha. Lazima viwepo viwili: kimoja kigumu cha kukwangua, kimoja laini cha kukausha. Kigumu chaweza kutengenezwa na wale mafundi wanaokata mipira ya magari ili kushona viatu. Watu hao wakipewa vipande vyembamba huvifunga kwa waya, vikawa mkeka usioharibika miaka na miaka. Ukiuweka nje kwenye ngazi na majirani wakawa waaminifu, vizuri. La sivyo, uwekwe ndani, mara tu baada ya mviringo wa chaki. Laini ni gunia la katani lililokunjwa mara nne na kushonwa, au taulo kuukuu. Yawe mawili, ili moja lifuliwe huku jingine likitumika. Tena urefu ni jambo kubwa: mtu anapaswa kukanyaga kwa kila mguu mara mbili kabla ya kufika sakafu safi. Mkeka mfupi hurukwa na watoto, hasa wavulana.

Kwa viatu vilivyoloa kabisa kuna chombo ambacho kila mtu anacho. Ile bidoni ya njano ya mafuta, ya lita 20, ikipasuka haiwezi tena kuchota maji. Ilazwe chini, ikatwe kwa urefu kwa msumeno mdogo, na makali yake yasuguliwe kwa jiwe. Kila nusu ni sinia lenye kingo, matope na maji hubaki humo, jioni humwagwa. Mwavuli nao usimame katika bidoni ndogo ya lita 5 iliyokatwa shingo, yenye kokoto chache chini ili isianguke.

Watu saba wana viatu vingapi? Hapa jamaa nyingi hushindwa, nazo hushindwa kwa hesabu, si kwa umaskini. Jozi moja hutaka upana wa sm 22 hivi. Tukikubaliana kwamba kila mtu aweke mlangoni jozi moja tu, na nyingine zikae chumbani chini ya kitanda, tuna jozi 7, yaani sm 154. Tukizipanga katika safu mbili, moja juu ya nyingine, kila safu ni sm 77. Basi kibao cha sm 80 kinatosha! Tena kiatu cha mtu mzima hakizidi sm 30 kwa urefu, ila kwa wachache wenye miguu ya baraka.

Mpeni seremala kazi hii: benchi ya urefu wa sm 80, kina sm 30, kimo sm 45, yenye ubao wa kukalia juu, ubao wa pili katikati, na wa tatu chini, karibu na sakafu. Ukijumlisha vibao vitatu vya sm 80 na viwili vya ubavuni vya sm 45, unapata sm 330 za ubao wenye upana wa sm 30. Mkatie hesabu hiyo kabla ya kwenda sokoni, naye hatakuambia ununue mbao za kutengeneza kitanda. Mti wa mkaratusi hupatikana kwa bei ndogo, lakini ukiwa mbichi hujipinda na kupasuka unapokauka. Yafaa kutafuta ubao uliokwisha kukaa miezi mingi chini ya paa, au kutumia mbao za sanduku kuukuu zilizokwisha kukauka zamani. Benchi ifungwe ukutani, isije ikaanguka mtoto akiipanda. Naye ataipanda.

Juu ya benchi, ndani ya zile zile sm 30, zitundikwe nguo. Ubao wa urefu wa sm 100 na upana wa sm 10 unatosha. Kulabu ziachane sm 20. Mmoja uwekwe kwenye kimo cha sm 165 kwa ajili ya wazazi, na wa pili kwenye sm 110, kando ya benchi, kwa ajili ya mifuko ya shule na makoti ya watoto. Wazazi wengi huweka kulabu moja juu, kisha wanawapigia watoto kelele kwa sababu wanatupa mifuko chini. Mtoto hawezi kuwa na utaratibu mahali ambapo mkono wake haufiki. Akipewa kulabu yake mwenyewe, yenye alama yake iliyochorwa kwa rangi, juma la kwanza atajivuna, juma la pili atasahau, juma la tatu atakumbushwa na dada yake.

Kuhusu kuta: msumari wa kawaida haushiki katika zege wala tofali gumu, hupinda, na lipu huanguka. Afadhali kumwita fundi mwenye mashine ya kutoboa kwa saa moja. Atoboe matundu yote mara moja, atie ndani yake vile vijiti vya plastiki vinavyoishika skrubu. Na jambo la kutundika vitu vizito juu ya vichwa, kama masanduku na vyungu juu ya mlango, twalikataa kabisa kwa sababu ileile ya tetemeko.

Rangi ni kazi ya Jumamosi mbili. Toka sakafuni hadi meta 1, pakwe rangi ya mafuta iliyoiva kidogo, kijani au kijivu, ambayo mikono ya watoto na matope hufutika juu yake kwa kitambaa chenye maji. Juu ya hapo, chokaa nyeupe hadi darini, maana ujia usio na dirisha unahitaji weupe kuliko unavyohitaji picha. Madarasa mengi ya zamani ya misioni yalipakwa hivyo, na sababu ni hiyohiyo. Na kwa kuwa umeme hukatika, taa ndogo ya jua itundikwe karibu na mlango, ichajiwe mchana dirishani, irudi mahali pake kabla ya giza. Kazi ya kuirudisha apewe mtu mmoja kwa jina. Kazi ya wote haifanywi na mtu.

Yapo maji ya kunawa mikono. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, nao ukaendelea hadi Juni 2020, ndoo zenye bomba dogo zilisimama mbele ya milango ya shule, makanisa na maduka. Kisha ikaja Kovidi, zikabaki. Baadaye nyingi zilikauka, au zilipewa kazi ya kutunza unga. Ni hasara. Kuhara kwa watoto hakukuondoka pamoja na magonjwa yale, na maji na sabuni ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote. Ndoo ndogo ya lita 10 juu ya kigoda, beseni chini yake, kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba: mahali pake ni mwisho wa ujia, baada ya mikeka, ili maji yanayodondoka yasiurudishe udongo kuwa matope.

Sasa turudi kwa mgeni, kwa maana benchi ile haikutengenezwa kwa ajili ya viatu peke yake.

Mzee wa jamaa akitoka kijijini, amepanda ngazi, miguu yake ina matope mpaka kwenye vifundo. Katika nyumba isiyo na mahali pa kuketi mlangoni, husimama. Huona sakafu inayong'aa, huona vitambaa vyeupe vya viti, naye huanza kuvua viatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mkono ukutani, mbele ya macho ya watoto. Wengine hukataa kuingia kabisa, husema wana haraka. Hawana haraka, wanaona haya. Kumbe akikuta benchi, mtoto atamwambia: «Karibu baba mkubwa, keti kwanza.» Ataketi, atapumzika pumzi ya ngazi, atavua viatu taratibu, ataletewa kandambili zilizowekwa kwa ajili ya wageni, atanawa. Anapoingia sebuleni ameisha kuwa mtu wa nyumbani. Jozi mbili za kandambili za wageni, moja kubwa na moja ya kadiri, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyovitaja, nasi tungevinunua kabla ya kioo.

Tena yuko mgeni asiyepasa kuingia. Mtu wa kuleta barua, mtu wa kodi, jirani mwenye neno refu wakati wa chakula: huyo naye aketi hapo, aheshimiwe, asikilizwe, wala si lazima apitishwe mpaka penye kitanda cha mgonjwa au daftari za fedha. Pazia la kitambaa mwishoni mwa ujia lafanya kazi ya mlango wa pili. Vipande viwili vya kitenge kuukuu vyatosha; visifike sakafuni, visije vikakanyagwa.

Mapambo tutayapita upesi. Kioo kidogo cha kutazama uso kabla ya kutoka, katikati yake kwenye kimo cha sm 155, kiwekwe kwenye ukuta mrefu, ambapo huongeza nuru. Kikielekea mlango huonyesha ngazi za jirani tu. Kitu kimoja ukutani, picha ya ndoa au msalaba au kalenda. Maua ya plastiki hukusanya vumbi, nasi hatujaona bado nyumba ambayo huyaosha.

Wapangaji watauliza kama mwenye nyumba atakubali kuta zitobolewe. Aombwe kabla, si baada, na jibu liandikwe hata kwa mistari miwili, kwa maana garanti ya miezi kadhaa imo mikononi mwake. Benchi, vibao vya kulabu, mikeka na pazia vyote hufunguliwa na kuhamishwa siku ya kuondoka. Matundu yanayobaki yajazwe kwa unga wa jasi uliokorogwa na maji kidogo, uwe mzito kama ugali. Ukikauka usuguliwe kwa karatasi ya msasa, kisha upakwe juu yake chokaa ileile iliyobaki katika kopo.